UZI: Kuomba nafasi ya mafunzo kwenye ofisi za mawakili Arusha na Moshi

Goliondoi_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, msimu wa kutafuta fildi umekaribia, na wanaomaliza Law School (mafunzo ya uwakili kwa vitendo baada ya shahada) nao wameanza kuzunguka na bahasha. Naweka hapa mambo ambayo ofisi huyatazama hasa, maana kila mwaka vijana wazuri wanaachwa kwa makosa ambayo yangerekebishwa kwa jioni moja. Wenye uzoefu ongezeni, mnaotafuta ulizeni bila woga.

Kwanza ijue ofisi unayoiomba. Ofisi nyingi za mawakili hapa Arusha ni ndogo: wakili mmoja hadi wanne, karani, kabati za majalada na meza moja ya ziada. Hakuna idara ya utumishi. Barua yako inasomwa na wakili mwenyewe, katikati ya kutoka mahakamani na kupokea wateja wa mchana. Anajiuliza jambo moja: huyu nikimwachia kazi, nitarudi niikute imekamilika, au nitaianza upya mwenyewe? Barua inayomjibu hilo ndiyo inayobaki mezani.

Kwa hiyo yale maneno ya "mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma na kujifunza haraka" yafute yote. Kila mwombaji ameyaandika. Taja unachoweza kufanya leo: kuandaa hati ya kiapo, kutafuta hukumu TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania) na kuifupisha kwa ukurasa mmoja, kuandika barua ya madai kwa Kiswahili safi, kujaza maombi ya usajili wa kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ukiweza mawili, taja mawili. Usitaje la tatu usiloliweza, kwa sababu utapewa ulifanye siku hiyo hiyo ya usaili.

Pili, jua kazi ya ofisi husika. Arusha kuna ofisi zinazoishi kwa utalii: mikataba ya mawakala wa safari, leseni, ubia na wageni, vibali. Kuna zinazoishi kwa migogoro ya ardhi, na kuna za kazi na ajira, ambazo asubuhi utazikuta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Utajuaje? Fungua TanzLII, nenda Mahakama Kuu, masjala ndogo ya Arusha au ya Moshi, soma hukumu za karibuni. Hukumu nyingi zinataja mawakili wa pande zote. Ndani ya saa mbili utajua nani anasimamia mashauri ya aina gani. Kisha barua yako iseme wazi: "Ninaomba kujifunza zaidi mashauri ya ajira, na nimesoma taratibu za kufungua mgogoro CMA." Sentensi hiyo inazidi aya nzima ya kuisifu ofisi.

Tatu, muda. Vyuo vingi fildi yao huanza Julai au Agosti. Barua iwe imefika Machi au Aprili. Usipeleke kati ya 15 Desemba na 31 Januari: Mahakama Kuu iko likizo, ofisi nyingi zimefungwa au zinahangaika kuhuisha leseni za uwakili za mwaka mpya. Ila mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, kabla ya Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Mawakili wanatoka nje kutoa elimu na ushauri kwa wananchi, na hapo unaweza kumsogelea wakili bila kupitia kwa karani. Nenda umevaa vizuri, uliza swali la maana, omba ruhusa ya kuleta barua.

Makumira_Mwaka3

Asante sana mkuu. Naomba kuuliza. GPA yangu ni 3.2 na sina ndugu wala jirani aliye wakili. Je, kuna haja ya kuomba ofisi kubwa za mjini au nitafute za pembeni tu?

Goliondoi_Juu

Mdogo wangu, 3.2 haikufungii mlango. Wakili akiomba matokeo yako, jicho linakwenda kwenye masomo manne matano: mwenendo wa madai, ushahidi, ardhi, mikataba na uandishi wa nyaraka. Mwenye 3.2 mwenye B+ ya ushahidi anamshinda mwenye 3.8 aliyeipata kwenye masomo ya nadharia. Ikiwa ushahidi ndiko ulikoanguka, usiliruke somo hilo kwenye CV. Matokeo yataombwa, na kilichofichwa kitaonekana kibaya kuliko alama yenyewe.

Kuhusu kufahamiana na watu, jenga rekodi. Kliniki ya msaada wa kisheria ya chuo na mashindano ya kesi za mfano vinahesabika. Kwa walio Moshi, KWIECO wanatoa msaada wa kisheria, omba kujitolea huko hata siku mbili kwa wiki. Mtu aliyewahi kumsikiliza mama mwenye mgogoro wa mirathi, akaandika maelezo yake yakaeleweka, ameshajifunza nusu ya kazi ya ofisi ndogo.

Masjala_Moshi

Naongezea upande wa barua zenyewe, kwa sababu barua hupita kwa karani kabla ya kumfikia wakili.

Ukituma kwa barua pepe: anwani moja, ujumbe mmoja. Kuna waombaji wanaotuma ujumbe mmoja kwa ofisi ishirini na anwani zote zinaonekana juu, salamu ikiwa "Kwa yeyote anayehusika." Huo unafutwa bila kufunguliwa. Andika jina la wakili unayemwomba na ulihakiki herufi kwa herufi. Kichwa cha ujumbe kiseme kila kitu: "Maombi ya fildi, Julai hadi Septemba, LL.B mwaka wa tatu," kisha jina lako.

Viambatisho viwe faili moja la PDF, lisizidi MB 2, kwa mpangilio huu: barua, CV, barua ya utambulisho ya chuo, matokeo. Vyeti vya sekondari visubiri hadi viombwe. Faili liitwe kwa jina lako, lisiitwe "CV mpya ya mwisho 3". Picha za karatasi zilizopigwa kitandani, shuka linaonekana pembeni, hizo usitume kabisa. Ofisi hii hii itakutaka uskani vielelezo vya kupandisha kwenye mfumo wa mahakama wa kusajili mashauri, na ukurasa uliopinduka au kielelezo kisichosomeka ni sababu ya nyaraka kurudishwa. Mtu akiona ulivyoskani cheti chako ameshaona utakavyoskani vielelezo vya mteja.

Ukipeleka kwa mkono: nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Asubuhi mawakili wako mahakamani, nenda kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Ijumaa mchana acha. Msalimie karani kama unavyomsalimia wakili, maana ndiye anayejua barua ipi iko juu na ipi iko chini ya rundo.

Usilipe kuhakikisha nakala za vyeti kwa wakili kabla hujaambiwa. Kwa maombi ya fildi ni nadra kuhitajika.

Zikipita siku kumi za kazi, piga simu mara moja au tuma ujumbe mfupi wenye jina, chuo, tarehe uliyopeleka barua. Mara moja inatosha. Kupiga kila siku kunakufanya ukumbukwe vibaya.

Sakina_LLB

Wakili akikuita kwenye usaili anauliza nini? Kuna anayesema ni mazungumzo tu.

Goliondoi_Juu

Mazungumzo dakika tano, kisha unapewa karatasi. Jaribio la kawaida ni la kuhesabu siku, kwa sababu siku zikipita, shauri linaweza kutupwa hata kama mteja ana haki. Jaribuni hili: mteja amepokea samansi (wito wa mahakama) ya shauri la madai Jumatatu tarehe 17 Machi 2025. Ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi chini ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Siku ya mwisho ni ipi?

Sakina_LLB

17 Machi ni siku ya kwanza, kwa hiyo siku ya 21 ni 6 Aprili. Ni Jumapili, inasogea Jumatatu tarehe 7, nayo ni Karume Day, kwa hiyo tarehe 8.

Rindi_Lane

Dada, jibu lako tarehe 8 ni sahihi ila hesabu ina kosa, na wakili makini atakukamata hapo hapo. Siku ya kupokea samansi haihesabiwi. Siku ya kwanza ni 18 Machi. Kuanzia 18 hadi 31 Machi ni siku 14, ongeza 7, unafika 7 Aprili. Hiyo ni Jumatatu na ni sikukuu ya Karume, kwa hiyo unavuka hadi Jumanne tarehe 8. Wewe umefika 8 kwa bahati ya Jumapili na sikukuu kufuatana. Mwezi mwingine ungepoteza siku moja nzima, au ungemwambia mteja amechelewa kumbe hajachelewa.

Angalieni pia kwamba Idd iliyoangukia katikati ya zile siku 21 inahesabiwa kama kawaida. Sikukuu inakusaidia pale tu inapoangukia siku ya mwisho.

Goliondoi_Juu

Hapo Rindi_Lane amemaliza. Nami naongeza kitu ambacho msaili hufurahi kukisikia: baada ya kutoa tarehe 8, sema kwamba kazini ungeiandika kwenye diari ya ofisi Ijumaa tarehe 4, ili wakili asitegemee mfumo wa kielektroniki siku ya mwisho. Nyaraka iliyotumwa kwa mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabika ya siku hiyo, lakini mtandao ukikatika saa tano usiku utaanza kuomba kuongezewa muda, na kuongezewa si haki ya moja kwa moja.

Vipindi vingine vya kuwa navyo kichwani kabla ya usaili: kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani, siku 30. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, siku 30. Mgogoro wa kuachishwa kazi kupelekwa CMA, siku 30, na migogoro mingine ya kazi, siku 60. Kuishtaki Serikali, notisi ya siku 90 kwanza. Madai ya mkataba miaka 6, ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3, kurejesha ardhi miaka 12. Arusha hilo la CMA litakufuata kila wiki, maana msimu wa watalii ukiisha watu wanaachishwa, wanakaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena, na wanamjia wakili mwezi wa tatu.

Halafu jambo la toleo la sheria. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Hukumu za zamani mnazosoma TanzLII zinataja namba za zamani. Ukinukuu kifungu, taja na toleo. Asiyetaja toleo anaonekana amenakili hukumu bila kufungua sheria.

Rindi_Lane

Niseme ya Moshi, kwa sababu watu wa Arusha wanadhani ni kazi ile ile. Huku mirathi na vihamba (mashamba ya ukoo ya Wachaga) ndiyo chakula cha ofisi nyingi. Jaribio la usaili linaweza kuwa familia imekuja na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi wa mirathi, unaulizwa: utawauliza nini?

Anza na cheti cha kifo na mahali marehemu alipokuwa akiishi mwisho, kwa sababu hapo ndipo unapojua shauri liende mahakama ipi. Je, aliacha wosia? Maisha yake yalifuata mila, Uislamu, au vinginevyo? Hili linaamua kama Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka. Warithi wote wametajwa, pamoja na watoto wa nje ya ndoa na binti walioolewa? Nani hakuhudhuria kikao na kwa nini? Mali ipi ina hati na ipi ni kihamba kisichosajiliwa?

Kisha kagua majina. Cheti cha kifo kinasema "Eliya", hati ya ardhi inasema "Elia", akaunti ya benki ina jina la ubatizo na herufi moja. Waombaji wengi hupita hapo wasione. Ofisi ikiikosa leo, benki au ofisi ya ardhi itawarudisha miezi sita baadaye, na familia itakuwa imeshagombana.

Kosa jingine la kila siku: Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ni miezi sita na hesabu mwaka mmoja. Ukizichanganya mbele ya msaili, ujue umeonyesha kwamba umesoma upande mmoja tu.

Na wateja wa huku wengi ni wazee. Shikamoo kwanza, kiti kwanza, maswali baadaye. Ukijua Kichaga ni faida, lakini usiongee na upande mmoja lugha ambayo upande wa pili wa familia hauelewi wakati wote wamekaa humo ndani.

Externi_2025

Wakili wasomi, mimi niko Law School. Nawezaje kujua wakili ninayemwomba anisimamie ana leseni hai? Nimesikia kuna vishoka, yaani mawakili bandia.

Goliondoi_Juu

Ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, tafuta jina. Unaonyesha kama yuko kwenye orodha ya mawakili na kama ameruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Fanya hivyo kabla ya kupeleka barua. Ukifanya mafunzo chini ya mtu asiye na leseni, saini yake kwenye ripoti yako haina thamani na muda wako umepotea. Soma pia mwongozo wa taasisi yako juu ya sifa za msimamizi, umwonyeshe wakili siku ya kwanza, maana si kila wakili anajua fomu zenu zinataka nini.

Dalili za kuogopa: anayedai ada ili akupokee, anayekutaka usaini nyaraka za wateja, ofisi isiyotoa risiti. Wewe mwanafunzi au mhitimu ambaye hujaapishwa huruhusiwi kujitambulisha kama wakili, wala kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo yako binafsi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inalifanya hilo kosa. Jirani akikupa elfu ishirini umwandikie mkataba wa kiwanja, mlete ofisini.

AICC_Ghorofani

Kwa wanaotazama taasisi za kimataifa hapa mjini: Mahakama ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mfumo wa Kimataifa wa Masalia ya Mahakama za Jinai ulioanza Arusha Julai 2012. Hizo zina utaratibu wake, mnaomba kupitia tovuti zao, na usitarajie mshahara wa mwanafunzi. Kiingereza cha kuandika lazima kiwe kizuri, Kifaransa kinakupandisha. Ukiomba Mahakama ya Afrika Mashariki, soma Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya: mkazi wa nchi mwanachama ana miezi miwili tu ya kufungua shauri. Ni kipindi kifupi mno kwa aliyezoea mahakama za ndani, na mawakili wengi wamekwama hapo.

Makumira_Mwaka3

Kuhusu posho, je, ni utovu wa adabu kuuliza?

Masjala_Moshi

Si utovu, ni suala la wakati. Usiiweke kwenye barua. Uliza mwisho wa usaili, baada ya kukubaliwa: "Naomba kufahamu kama ofisi ina utaratibu wa nauli au chakula, ili nijipange." Ofisi nyingi ndogo hazitoi kitu kwa wa fildi, nyingine hutoa nauli siku za kwenda mahakamani. Anayekaa Usa River na ofisi iko karibu na Mnara wa Saa apige hesabu ya daladala ya miezi miwili kabla ya kukubali, kwa sababu kuacha katikati kunakunyima ripoti.

Sakina_LLB

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wiki ya kwanza nifanye nini wasinione mzigo?

Masjala_Moshi

Omba jalada moja lililofungwa, lisome kuanzia hati ya madai hadi hukumu, uone nyaraka zinavyofuatana. Jifunze diari ya ofisi: tarehe, mahakama, hakimu au jaji, shauri linatajwa au linasikilizwa, nani anakwenda. Ukirudi mahakamani, kabla ya kukaa, andika kwenye jalada kilichotokea na tarehe mpya. Kosa la kurudi na tarehe isiyo sahihi ni kubwa kuliko yote unayoweza kufanya wiki hiyo, kwa hiyo ihakiki kwa karani wa mahakama kabla hujatoka.

Ukipewa hati ya kiapo, kabla ya kuipeleka isainiwe tazama sehemu ya chini: mahali ilipoapiwa, tarehe, na kamishna wa viapo amemtambuaje anayeapa. Maombi mengi yametupwa kwa mapengo hayo matatu. Kwenye mkataba wa kuuza kiwanja linganisha bei ya tarakimu na ya maneno. "Milioni kumi na mbili" pembeni ya 1,200,000/= inapita macho ya watu wanne. Angalia na ridhaa ya mwenza, na kama ni ardhi ya kijiji, idhini ya halmashauri ya kijiji.

Mavazi ni meusi au ya rangi nzito na shati jeupe. Mahakamani unakaa nyuma, husimami kuongea. Simu izimwe.

Na siri. Usipige picha jalada, usiweke jina la mteja kwenye kundi la WhatsApp la darasa hata kuuliza swali la masomo. Kama ndugu yako ana shauri dhidi ya mteja wa ofisi, mwambie wakili siku unayogundua, akutoe kwenye jalada hilo.

Externi_2025

Na kitabu cha kumbukumbu, wakili anasaini lini? Wenzangu waliotangulia walihangaika mno.

Masjala_Moshi

Kila Ijumaa alasiri. Andika kazi halisi, "nimeandaa rasimu ya hati ya kiapo, shauri la ardhi," bila majina ya wateja, mpelekee asaini kurasa za wiki hiyo. Ukimletea miezi miwili kwa mkupuo siku ya mwisho, hatakumbuka ulifanya nini, na barua ya mapendekezo utakayoomba itakuwa ya mistari mitatu. Barua hiyo nayo iombe wiki mbili kabla hujaondoka, ukimpa orodha fupi ya kazi ulizofanya na namba za majalada yake ya ndani ili azithibitishe mwenyewe.